Leso Niliyomtungia Mwanaisha

Jumamosi, mfungo nane, mwezi wa nane tangu Ramadhani. Mawingu yamejaa tangu alfajiri na jasho lanitoka nikiwa nimekaa kitako. Mvua ikinyesha nitakasirika, isiponyesha nitakasirika vile vile, basi na ifanye ipendavyo.

Nimerudi kutoka Mambrui kabla ya adhuhuri. Sijala. Jirani amebisha hodi mara mbili akitaka habari za harusi, nikajikausha ndani mpaka akaenda zake. Leo sitaki kuulizwa biarusi alipendeza vipi. Alipendeza. Imetosha.

Daftari, nitakwambia wewe kwa kuwa huna mdomo.

Namchukia Tayabu mwenye duka. Namchukia yule Mzungu wake wa Mombasa, wakala mwenye kitabu cha sampuli. Nakichukia kiwanda huko kwao Ulaya, ambacho hata sijui kiko mji gani, na meli iliyoleta robota la leso, na mchukuzi aliyelipandisha kutoka forodhani badala ya kuliangusha majini. Kuna na mwingine ninayemchukia kuliko hao wote, lakini huyo nitamfikia.

Kama kuna mtu atakayesoma haya baada ya kufa kwangu, na Mungu amwone kwa kusoma lisilo lake, basi ajue kazi yangu kwanza. Mimi Rukia, mjane, nakaa Malindi, na hutunga majina ya leso, yale maneno yaandikwayo kwenye kanga. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alinifundisha kusoma na kuandika pamoja na kaka zangu, watu wakamwambia, "Utamharibu mtoto wa kike." Hawakukosea sana.

Leso zetu hupigwa chapa na watu wasiotujua. Hawajamwona mwanamke wa pwani akifunga leso, hawajui kuwa moja huvaliwa kiunoni na ya pili hutandwa kichwani, hawajui kuwa lile neno la chini hukaa nyuma, pale anapopita mtu likabaki likisomwa. Mwaka juzi walituletea leso zenye sura za paka, macho yametukodolea. Mtu atasali vipi na paka mapajani? Na neno lake walilitunga wenyewe huko, sijui kwa msaada wa msomi gani: "Kitambaa hiki ni kizuri kwa kuvaliwa." Mji mzima ulicheka. Tayabu alikaa na yale marobota mpaka panya wakazaa ndani.

Ndipo akaniita mimi. Kazi yangu ni kusimama baina ya wale na sisi. Wakala huja na kitabu chake, mimi hukaa nyuma ya pazia katika ghala la Tayabu, kitabu hupitishwa chini ya pazia, nami husema. Maua haya ondoeni, yamesongamana kama kichaka. Pindo lipanuliwe. Hii pelekeni Unguja, huku hainunuliwi. Hii nyeusi iwe nzito, maana wanawake wa Kigiriama wa Adu na Tezo hawatazami neno, hukifinyanga kitambaa kwa vidole kujua kama kitashika mikunjo ya hando, ile sketi yao. Halafu hutunga majina, na Tayabu hunilipa kwa nguo.

Mwaka jana wakala alikuja, ametoka kwenye mashamba ya mpira ya Wazungu wenzake, viatu vimejaa udongo, nikasikia akivipangusa kwenye mkeka wa watu. Alitaka majina manane. Nikamwambia kupitia kwa Tayabu kwamba nitatunga mawili ya Lamu, mawili ya Unguja, mawili ya Mombasa na mawili ya kwetu, kwa sababu watu wa pwani si ugali wa sufuria moja. Akakataa. Nilimsikia mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kambini: "Hapana, bibi. Taka neno moja, pwani yote."

Nikamwambia Tayabu amweleze bwana wake kwamba leso haifanyi kazi hivyo. Mwanamke hanunui leso kwa kuwa neno lake ni zuri. Hununua kwa kuwa anaye mtu wa kumwambia. Na wa Lamu ana wake, na wa Malindi ana wake.

Tayabu akanirudishia jibu akicheka. "Bwana asema vyema sana, Bi Rukia. Kila mtu ana mtu wake. Basi hilo hilo moja litawatosha wote."

Niliona ni ujinga wa Kizungu.

Sasa nimfikie Mwanaisha. Ni ndugu yangu, tumbo moja, nimemzidi miaka sita. Nimembeba kiunoni mpaka kiuno kikapinda. Aliolewa Mambrui, ng'ambo tu ya mto Sabaki, mwendo wa asubuhi moja kwa punda.

Mume wangu alipofariki mwaka jana, watu walikuja kutoka Lamu. Walikuja kutoka Kilifi. Mzee mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akimuuzia mahindi alitembea siku mbili kutoka Adu, na kuku mkononi, akakaa barazani na wanaume, akalia. Mwanaisha wa Mambrui hakuja. Hakuja siku ya mazishi, hakuja hitima, hakuja arobaini. Alikuja mumewe, akasema, "Mwenzangu hajiwezi."

Hajiwezi! Nimewaona wanawake wengi wasiojiweza siku ya msiba na wanaoamka wazima siku ya ngoma. Niliingia eda na neno lile kifuani. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba, mtu huna kazi ila kuhesabu nani alikuja na nani hakuja. Niliwahesabu. Kila siku nilianza na wengine nikamalizia kwake.

Kwa hiyo nilipotoka edani na Tayabu akaniita, majina saba niliyatunga kwa ufundi. Yalikuwa mazuri. Moja lilikuwa la kumshukuru mama, moja la subira, moja la mapenzi ambalo hata mimi lilinipa haya. La nane sikulitunga kwa ufundi. Lilitoka lenyewe, sikubadilisha hata herufi.

"Msibani hukufika, harusini umefika."

Nakiri hapa, maana kwingine sitakiri. Nilikuwa najua binti yake Mwanaisha ameposwa. Nilimwona Mwanaisha moyoni mwangu akilisoma neno lile kiunoni mwa mwanamke mwingine, uso ukimshuka. Nililitia katika karatasi na roho ikapoa, kama mtu aliyejikuna palipokuwa pakiwasha siku nyingi.

Ramadhani ikaingia. Siku ya tisa Mwanaisha akaja mwenyewe, bila kuitwa. Amekonda mpaka bangili zinamtoka. Akakaa chini, akasema, "Dada, siku zile nilikuwa nimelala na damu. Mimba ya miezi saba imetoka, mtoto wa kiume, hakuvuta hata pumzi. N'likataza wasikwambie. Wewe una msiba wako, ningekutwika na wangu?"

Tulilia wote wawili. Nikamsamehe.

Litazame neno hilo, daftari. Nikamsamehe. Yeye kafiwa, kaficha msiba wake ili asinizidishie, kavuka mto na saumu yake kuja kwangu, na mimi nikamsamehe! Kisha nikamweleza habari za marehemu mume wangu tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, alivyougua, alivyosema, alivyokata roho. Yeye akinifuta machozi kwa ncha ya leso yake. Tukafuturu, akalala, asubuhi akarudi kwao. Nikajiona mtu mwema.

Na lile jina la leso nikalisahau. Watu wataona ni uongo, lakini ni kweli. Nguo zinazoagizwa Ulaya huchukua miezi mpaka mtu husahau aliagiza nini. Na nilidhani wakala hatalichagua, kwa kuwa alikuwa na saba nzuri.

Jumatatu iliyopita robota limefunguliwa. Tayabu akaniletea doti yangu ya kwanza, kama desturi yetu. Pindo jekundu lililoiva, na mji wa katikati mweupe wenye nukta nyeusi. Kazi safi, kila nilichosema wamekifuata. Nikaikunjua kutazama jina lililochaguliwa, nikaona la nane. Nikatuma mtu aulize na mengine yako wapi. Jibu likaja kwamba hakuna mengine. Neno moja, pwani yote.

Nilivaa buibui nikaenda dukani mchana kweupe, jambo nisilolifanya.

"Bwana Tayabu, leso hii isiuzwe."

"Mbona imeshauzwa, Bi Rukia? Robota la Mambrui lilitangulia wiki mbili, lipo katika duka la ndugu yangu. Wanawake wa harusi wamechukua korja nzima. Doti ishirini, sare moja!"

Nikamuuliza harusi gani. Nilikuwa najua, lakini nilimuuliza.

"Ya kwa nduguyo. Maneno wameyapenda sana, mashallah."

Nikamwambia aandike barua sasa hivi, azirudishe, awape nyingine yoyote, nitazishonea pindo kwa mkono wangu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa. "Bibi, mimi nimenunua maneno kwako. Ukinunua samaki, mvuvi haji jikoni kuuliza amepikwa vipi."

Na kwa samaki huyo pia namchukia.

Siku tatu sikulala vizuri. Malindi nzima inajua ni nani anayetunga leso za Tayabu, ingawa huko Mambrui sijamwambia mtu, hata Mwanaisha, kwa kuona haya. Na mimi, katika zile siku za hasira, niliwaambia wanawake wangapi kwamba Mwanaisha hakuja msibani? Sikuacha jirani. Niliona wazi litakalotokea. Ataitandaza sare nyumbani kwake bila kufikiri, halafu mmoja katika wageni wa Malindi atamnong'oneza, "Huyo aliyekuvika hilo neno ni dada yako, na amekulenga wewe." Siku ya harusi ya bintiye wa pekee. Tumepatana juzi tu, na sina ndugu mwingine aliye hai.

Basi nikatengeneza uongo. Nitasema neno hili si langu, limetungwa Unguja. Nitasema Mzungu amelitoa kitabuni. Jana asubuhi juu ya punda nilikuwa nikiufanyia mazoezi uongo wangu, nikiugeuza huku na huku, na kwenye mtumbwi wa kuvukia Sabaki mwenye mtumbwi akaniuliza kama nasoma dua. Nikamwambia ndiyo.

Nilifika Mambrui jua limepanda. Ua wa Mwanaisha ulijaa wanawake. Kumi na tisa, wote sare moja, nyekundu na nyeupe, wameinama kwenye masinia ya biriani, na lile neno limejipanga nyuma zao, mara kumi na tisa, neno lililotoka mkononi mwangu. Wakageuka kunitazama. Hakuna aliyecheka. Ukumbini wakanipisha njia, wakanyamaza.

Mwanaisha akatoka chumbani. Na yeye ameivaa, ya ishirini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Karibu. Umefika."

Akanishika mkono akanikalisha kwenye kiti cha mbele, mahali pa mama wa pili wa biarusi. Akaninyunyizia marashi kwa mkono wake, akaniletea tambuu ya kutafuna, akaniuliza habari za mto na za punda. Adabu ilikuwa kamili, hata mimi mwenyewe nisingeweza kuitia dosari. Nikajipa moyo. Nikasema labda hajaisoma, labda ametazama rangi tu. Mimi niliyemfundisha alifu na be, nikajidanganya kwamba hajaisoma.

Baada ya biarusi kuonyeshwa nikamfuata Mwanaisha chumbani, alikuwa akikunja nguo za zawadi za kutunza. Tulikuwa wawili tu. Nikaanza uongo wangu.

"Mwanaisha, hizi leso za sare..."

"N'lizichagua mimi mwenyewe, dada." Hakuinua macho. "N'lipoisoma dukani n'lishika ukuta. Huyo aliyeitunga simjui ni nani, Mungu amlipe. Ni kama alilala kitandani kwangu siku zile."

Akakunja nguo nyingine, akailaza juu ya mwenzake, akainyoosha.

"Nilikungoja. Si mwanzo, mwanzo ulikuwa edani. Eda ikaisha, nikakungoja, maana uliambiwa sijiwezi. Kila punda akipiga kelele nasema ndiye. Miezi ikapita. Kisha nikaja mimi."

Ndivyo alivyosema, kwa sauti ya mtu anayehesabu mashuka. Na mimi nikaelewa yote kwa pamoja, kwa nini wanawake walinyamaza nilipoingia, kwa nini alisema nimefika. Hawakuvaa neno la Rukia kwa Mwanaisha. Walivaa neno la Mwanaisha kwa Rukia. Nyumba nzima ilijua kuwa yule dada wa Malindi hakukanyaga mlango ule tangu mtoto azikwe, na jana kwenye pilau na biriani ndipo kafika.

Nilikuwa na nafasi. Aliningoja kwa mara nyingine, nguo mkononi. Ningefungua mdomo tu.

Nikasema, "Leso zimewapendeza."

Subhanallah. Hilo ndilo nililolisema.

Akaitikia, "Ahsante, dada," akatoka na zile nguo, wageni wanamwita.

Nilibaki huko kwa heshima ya watu, nikalala, na leo alfajiri nikaaga. Njiani nilimtukana Tayabu, nikamtukana wakala, nikaona matusi hayana ladha. Yule Mzungu asiyejua hata kuvua viatu kwenye mkeka alisema kila mtu ana mtu wake. Nilijua mtu wangu ni nani. Haikunipitia kabisa kwamba na mimi ni mtu wa mtu. Na asitokee mtu wa kunitolea methali ya mchimba kisima, naijua, nimewahi kuiuza kwa Tayabu.

Huyo ndiye niliyesema nitamfikia. Ni mimi. Nilijificha nyuma ya eda. Eda yangu ilikwisha, nikapata nguvu za kwenda kukaa nyuma ya pazia la Tayabu na kupanua mapindo ya leso za watu wa Unguja, lakini za kuvuka Sabaki sikuzipata. Na hata alipokuja kwangu na kuniambia kwa mdomo wake, sikumpa pole. Nimeitafuta Ramadhani yote ile kichwani, labda niliitamka nikasahau. Sikuitamka. Nililia, lakini nilikuwa nikijililia mwenyewe.

Adhuhuri nzima nimekuwa nikitaka kumwandikia barua kwamba aliyeitunga ile leso ni mimi. Nimeandika mistari miwili, nikaipasua. Kwa nini nimwambie? Ili anisifu kwa utunzi? Au ili ajue kwamba wakati yeye yuko kitandani na damu, nduguye alikuwa akimnolea kisu? Vyovyote vile yatakuwa tena maneno yangu, na machozi yangu, na yeye atatafuta ncha ya leso anifute. Atajua siku moja, mji huu hauna siri. Akiniuliza sitamdanganya. Lakini halitakuwa la kwanza kumwambia.

Tayabu ametuma mtu sasa hivi. Wakala amefurahi, leso inauzwa mpaka Unguja, anataka majina mengine manane kabla ya meli kuondoka. Nimemjibu asubiri, na akisubiri sana amtafute yule aliyetunga kitambaa kizuri kwa kuvaliwa.

Kesho, Mungu akinipa uzima, navuka tena mto. Watashangaa. Watasema, harusi imekwisha, huyu amefuata nini, amesahau sinia? Na waseme. Siendi kwa sababu ya harusi. Nakwenda kumhani ndugu yangu, kumpa pole ya msiba wake.

Tangu alasiri nimekaa na kalamu natafuta la kumwambia nikifika. Nimeivika pwani nzima maneno, na la kumpa mama aliyezika mtoto sina. Pole ya mwaka mzima hutolewaje? Nimetaka angalau nimtaje marehemu kwa jina lake, kama inavyotajwa misiba ya watu. Nimekaa hapa nikitafuta, kisha nikagundua kwamba sijui aliitwa nani.

Sikuwahi kuuliza.